Blenda Ilipokuwa Kimya

Ile habari niliisikia kituoni, tukingoja lori la majani chai. Jacinta ndiye aliyeileta. Ameolewa Magwagwa, lakini majani yakiwa mengi huja hapa Gesima kumsaidia mamake kuchuma. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetaka kusema jambo la aibu, akatuambia kuna msichana alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa blenda, zile blenda kubwa za nguvu zinazosaga hata barafu, mashine ikamla vidole. Wageni walikuwa sebuleni wanangoja. Hakuna aliyejua. Wakapakuliwa kwa vikombe, wakala, wakasifu, mpaka mzee mmoja akatoa kitu kigumu mdomoni. Kuangalia, ni ukucha.

"Ukucha?" niliuliza.

"Ukucha, Mama Nyanchama. Tena umepakwa rangi."

Wanawake wakapiga kelele, halafu wakacheka jinsi watu wanavyocheka wakiogopa. Mmoja akasema huyo mzee bila shaka aliulamba kwanza ukaisha utamu. Mimi sikucheka. Kikapu kilikuwa bado mgongoni, nimesahau kukitua, kwa sababu blenda ya namna hiyo ilikuwa nyumbani kwangu, juu ya meza ya jikoni, na mimi nina wasichana wawili.

"Ilikuwa nyumba ya nani huko Magwagwa?" nikamuuliza Jacinta wenzetu waliposogea kwenye mizani.

"Magwagwa? Si kwetu. Sisi tulisikia ni Mosocho."

Mtu mwingine angesema basi, ni uvumi tu, akauacha pale kituoni pamoja na majani mabaya yaliyokataliwa. Mimi siko hivyo. Nikisikia mtoto wa mtu ametumbukia kisimani, naenda kufunika pipa langu. Mume wangu Abner hunitania kwamba radi ikipiga Kisumu mimi naanua nguo Gesima. Lakini ile habari ilinifuata nyumbani. Nikimenya viazi, naiona. Nikimkata kucha Persis, mtoto wangu mdogo wa miaka sita, nakitazama kila kidole kana kwamba kinaniaga.

Blenda yenyewe ililetwa na Nyanchama, mtoto wangu wa kwanza. Yeye huuza katika duka la vyombo la mama mmoja Mhindi, Janki, Kisii mjini. Ishan, kijana wa Janki, alipooa, nyumba yao ilipata mashine mpya, na ile ya zamani Janki akampa Nyanchama. Ilikuja ikiwa imeviringishwa kwenye shuka kama mtoto. Jagi lake ni refu na zito, la plastiki ngumu, na chini kabisa kuna visu vifupi, vingine vimekunjwa kuelekea juu, vingine kuelekea chini. Kitako chake kina swichi ya kubonyeza. Ukiiweka chini inawaka, na inabaki hivyo hivyo mpaka uiinue. Kilichokosekana ni kifimbo. Mashine ya aina hiyo huwa na kifimbo chake cha kusukumia vitu vigumu, na kifimbo hicho kina shingo pana inayokizuia kisifike kwenye visu. Hicho kilikuwa kimepotea siku nyingi.

"Kwa hivyo usisukume na kitu kingine," Janki alimwambia. "Zima, toa plagi, koroga, rudisha kifuniko, halafu washa."

Nyanchama alituletea maneno hayo akicheka, akiiga vile Janki anavyotikisa kidole. "Mama Ishan ni kama wewe kabisa, Mama. Nyinyi wawili mngekuwa mapacha, mngekataa kuzaliwa kwa hofu."

"Afadhali hofu kuliko kilema," nikamwambia.

Aiskrimu yake, lakini, sitasema uongo. Ilikuwa tamu. Alitumia ndizi zetu wenyewe, zile za kuiva, akiziacha mpaka ganda liwe na madoa meusi. Anamenya, anakata vipande, anavipanga kwenye sinia visigusane, anaviweka kwenye friza usiku kucha. Maziwa ya ng'ombe wetu anayachemsha, yakipoa anaengua malai ya juu na kuyaweka baridini. Kesho yake vyote vinaingia kwenye jagi, na asali, na chumvi kidogo sana. Mashine inanguruma, vikombe vinatetemeka kwenye rafu, kuku wanakimbia uani, na kabla watoto wa jirani hawajafika dirishani kuchungulia, ndizi zimekuwa laini na nzito, zinasimama kwenye kijiko. Ukisaga zaidi ya hapo visu vinaipasha moto inageuka uji. Kwa hivyo ni haraka, kisha irudi kwenye friza. Abner, ambaye husema chakula baridi ni cha paka, aliomba aongezwe. Persis alilamba mpaka kifuniko.

Ndipo nikaweka sheria. Baada ya maneno ya Jacinta nilimketisha Persis mbele ya ile mashine nikamwambia, "Unaona hii? Ikinguruma, usiisogelee. Ikinguruma unakaa wapi?"

"Mlangoni."

"Ikinguruma vidole vinakaa wapi?"

"Kwapani."

Nilimrudisha hapo kila siku kama mwalimu na jedwali la hesabu. Hata ile habari ya ukucha nilimpa, ili aogope. Na aliogopa. Nyanchama akiigusa tu swichi, Persis anatimua mbio mpaka mlangoni, vidole kwapani, macho yamemtoka. Nikaona nimefanya kazi ya mama. Nikaanza hata kulala.

Sasa ikafika Ijumaa.

Kanisa letu lilikuwa lipokee wageni kutoka Mosocho Sabato hiyo, na kwa kuwa Abner ni mzee wa kanisa, chakula cha mchana kingekuwa kwetu. Aliyelelewa katika nyumba ya Waadventista anajua Ijumaa ilivyo. Ni siku ya maandalio. Unapika cha leo na cha kesho, unaosha nyumba, unapiga nguo pasi, unapaka viatu rangi, unaleta kuni na maji, yote kabla jua halijazama, maana likishazama hakuna kazi tena mpaka lizame la kesho yake. Kwetu jua la Ijumaa ndilo askari. Unaosha sufuria huku unalichungulia.

Nyanchama alifika kutoka mjini jua likiwa limeshakuwa jekundu. Ndizi zilikuwa kwenye friza tangu jana yake.

"Achana na aiskrimu," nikamwambia. "Wageni watakula ndizi zikiwa ndizi."

"Mama, watu wa Mosocho wana ndizi kwao. Tuwape kitu hawajaona."

"Jua hilo."

"Ni dakika moja tu!"

Kwa haraka akalijaza jagi kwa mara moja, vipande vyote, badala ya kugawa. Akafunika, akabonyeza. Persis akakimbilia mlangoni. Mashine ikanguruma, lakini visu vilikuwa vinazunguka chini peke yavyo, na huku juu ndizi zimekaa tu kama kokoto. Nyanchama akatoa kifuniko. Mkono wake ukaenda ukutani ukachukua mwiko.

Sisi ni watu wa ugali. Kitu kikikataa ndani ya chombo, mkono unautafuta mwiko wenyewe, wala haukuulizi. Akaugeuza akaanza kusukuma kwa mpini, mashine ikiwa inazunguka.

"Nyanchama! Janki alisemaje?"

"Nagusa juu tu!"

"Zima!"

"Nini?"

"Nimesema zima!"

Na hapo hapo kila kitu kikanyamaza. Taa ya jikoni, friji, redio ya jirani, vyote kwa pamoja. Stima imepotea.

Nilishusha pumzi. "Asante Mungu," nilisema, na nilimaanisha. Kile kimya kilinipendeza. Nyanchama aliachilia mwiko ukabaki umesimama katikati ya ndizi, akapiga ulimi. Hakuna aliyegusa swichi. Nani atazima kitu ambacho kimeshazimika?

"Acheni hapo," Abner akaita kutoka sebuleni. Alikuwa ameshaoga na kuvaa shati safi. "Jua limezama. Sabato imeingia."

"Baba, nitoe tu hii kwenye jagi niiweke friza."

"Nyanchama. Kazi imekwisha. Acheni kila kitu kilivyo."

"Itayeyuka!"

"Basi iyeyuke ikipumzika."

Hata mimi nilicheka. Tukaacha kila kitu kilivyo. Mwiko ndani ya jagi, kifuniko mezani, plagi ukutani, swichi chini. Ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto: kilichokutwa na jua hakijamalizika, kinangoja. Sufuria chafu inangoja. Jembe lililoachwa shambani linangoja. Tuliiacha blenda ingoje kama jembe.

Abner aliwasha taa ya sola akaiweka juu ya kabati. Tukaimba, akasoma neno, tukapiga magoti, kila mtu ameelekea kiti chake na uso kwenye mto wa kiti. Katika nyumba yetu maombi ya kufungua Sabato huanza na mdogo.

"Mungu asante kwa siku ya leo," Persis aliomba, "na kwa wageni, na kwa aiskrimu ambayo itayeyuka. Amina."

Nyanchama alikohoa kuficha kicheko. Kisha akaomba yeye, nikaomba mimi, akafuata Abner. Abner akiomba, Gesima nzima inapita mbele za Mungu mmoja mmoja. Wagonjwa kwa majina. Wajane kwa majina. Watoto walio shuleni, ng'ombe aliyekataa kula, mvua isizidi, mvua isipungue. Mimi niliinamisha kichwa nikamfuata.

Nikasikia kitu. Ki.

Kikanyamaza. Halafu tena, ki, ki. Chuma kikigonga kwenye plastiki ngumu.

Panya, nikajisemea. Ameona jagi liko wazi. Nikafikiria wageni, na panya, na kwamba kesho lazima niangalie aiskrimu hiyo kabla haijaliwa. Ki. Halafu nikasikia mtu akilamba.

Nikafumbua macho. Kiti cha Persis kilikuwa na shimo la uso wake kwenye mto, basi.

Mlango wa jikoni huwa tunauacha wazi, na mwanga wa taa ya sola ulifika mpaka kwenye meza. Persis alikuwa juu ya stuli. Alikuwa amekunja mkono wa nguo yake mpaka begani, vizuri kabisa, jinsi nilivyomfundisha anapoosha vyombo asilowe. Mwiko alikuwa ameuegemeza kando, humo humo ndani ya jagi. Mkono wake, na kijiko, ulikuwa umezama ndani ya lile jagi kupita kiwiko. Kidevu chake kilikuwa kimefika kwenye ukingo. Huko juu ndizi zilishaanza kulegea na kuwa uji, na zile zilizokuwa bado barafu, ambazo yeye ndizo anazozipenda, zilikuwa chini. Chini ndiko kuliko na visu.

Nilitaka kupiga yowe, nikajizuia. Nashukuru sikulipiga, maana angeshtuka akaangukia jagi kwa uso.  Nilienda kwa magoti. Nyuma yangu Abner alikuwa akiwaombea wageni barabara njema, na mimi njia nzima nilikuwa nikiibembeleza stima kwa moyo jinsi mtu anavyombembeleza mbwa aliyefunguka: usije, usije, kaa hapo, kaa kidogo. Plagi ilikuwa nyuma ya meza, upande wa pili, kuna ndoo na gunia la viazi. Mtoto ndiye aliyekuwa karibu. Nikafika kwake.

Nilimkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja, wa pili nikamshika kwapani, nikavuta kwa nguvu zote Mungu alizonipa. Mkono ulichomoka mweupe. Kijiko kilibaki. Tukaanguka chini pamoja, kichwa changu kikagonga pembe ya meza, na kabla sijapata pumzi taa ikawaka.

Na mashine ikarudi.

Nimeisikia ikisaga barafu. Nimeisikia ikisaga njugu. Hii haikuwa sauti ya kusaga, ilikuwa ya kutafuna chuma. Ilishika kijiko kwanza, kisha ikashika mwiko, mwiko ukaruka mpaka kwenye mabati na kushuka vipande vipande. Jagi lilikuwa linacheza juu ya meza likija ukingoni, upande wetu, kama kitu kinachotaka kushuka kitufuate. Nilimlalia Persis. Vitu vilinipiga mgongoni, vingine baridi, vingine vya kuchoma. Nikasikia Nyanchama akiita "Mama! Mama!" na nikaona miguu ya Abner, ambaye hakuwa amesema Amina, ikituruka. Aliisukuma meza, akaushika waya, akavuta hata soketi ikatoka nusu ukutani.

Kimya kikarudi. Sasa nilikiogopa.

"Leta mkono," nikamwambia Persis. "Leta mkono! Leta hapa!"

Alikuwa analia bila sauti. Mkono ulikuwa umefunikwa na aiskrimu mpaka juu, umeshikwa na vijiti vya mwiko. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikaanza kufuta. Cha mwisho kipo. Cha pete kipo. Cha kati kipo. Cha shahada kipo. Gumba, sioni gumba. Nikafuta tena. Kitambaa kilikuwa na damu.

"Gumba halipo," nikasema. "Abner, gumba la mtoto halipo! Angalieni kwenye jagi! Jamani, angalieni kwenye jagi!"

Nyanchama akaenda kwenye jagi. Aliinama, akatazama ndani, akaugeukia ukuta akatapika. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa ameona nyeupe tu, na alikuwa akingoja nyekundu.

Abner alipiga magoti, safari hii mbele ya mtoto. "Persis," akasema polepole. "Fungua mkono, mwanangu."

Persis akatikisa kichwa.

"Fungua. Hakuna atakayekuchapa."

Akafungua. Gumba lilikuwa limekunjwa kiganjani, limebana kipande cha ndizi kilichoganda, kile alichokuwa amekitafuta chini kabisa. Mashine imenguruma, mwiko umepasuka, mama amemlalia, na yeye hakukiachilia.

Damu ilikuwa ya kichwa changu.

Nilimtikisa. Sikumpiga, lakini nilimtikisa. "Nilikuambia nini kuhusu hii mashine? Nilikuambia nini kila siku?"

"Ulisema nisiisogelee ikinguruma."

"Sasa?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Haikuwa inanguruma, Mama."

 Abner aliketi sakafuni na shati lake safi, mgongo kwenye gunia la viazi. Akasema, kama anayejisemea, "Mimi ndiye nilisema kiachwe kilivyo."

"Na mimi nilimshukuru Mungu iliponyamaza," nikasema.

Kisha akainuka akachukua ufagio. Mzee wa kanisa, Sabato imeingia, akafagia jikoni yote, chini ya meza, nyuma ya ndoo, mpaka akaokota vijiti vyote vya mwiko na kuviweka kwenye karai. Mimi sijawahi kumwona akifagia hata siku ya kazi. Nilitaka kumwambia aache, nikaona uso wake, nikamwacha. Tulipoangalia jagi kwa tochi, lilikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini, kijiko kimejikunja kama mnyoo, na kisu kimoja kimekatika ncha. Ncha yenyewe hatukuiona. Aiskrimu yote Nyanchama akaizika chini ya mgomba, mbali na kuku.

"Hata ile ya juu?" Persis akauliza.

Tukacheka sote, tukicheka tukilia, Nyanchama akalazimika kuketi.

Kesho yake wageni walikuja. Nilikuwa na kitambaa kingine kichwani, nimekishusha kuficha plasta. Baada ya ibada tuliketi uani, na mama mmoja mzee wa Mosocho, wanamwita Mama Onchiri, alimpenda Persis akampakata magotini. Alikuwa akimchezea vidole, akivivuta kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nikipakua wali huku nikiitazama hiyo mikono.

"Mama Nyanchama," aliniita, akishusha sauti. "Huku kwenu mko salama kweli?"

"Kwa nini, Mama?"

"Tumeambiwa pale steji tulipoteremka. Kuna mtoto wa Gesima jana mkono wake umeliwa wote na mashine ya aiskrimu. Wote mpaka hapa." Akamshika Persis begani kunionyesha. "Na wanasema wageni wa kanisa ndio watakaopewa hiyo aiskrimu leo. Mimi nimekuja na maandazi yangu kwenye mkoba."

Persis akafungua mdomo. Nikamkazia macho.

"Na yule wa ukucha?" nikauliza. "Yule wa kwenu Mosocho?"

"Wa Mosocho? Wacha! Sisi tuliambiwa ni wa Magwagwa."

Nilisimama pale na kijiko cha wali mkononi. Ningeweza kumwambia ukweli hapo hapo. Lakini aliendelea kumvuta Persis vidole, kimoja, kingine, mpaka akafika gumba, na machozi yakanitoka mbele za wageni. Ikabidi Abner aeleze yote, tangu mwiko mpaka ufagio, mbele ya watu, hakuacha kitu. Alipomaliza, Mama Onchiri aliuvuta mkoba wake karibu. Akaufungua, akampa Persis maandazi yote.

Jumatatu Nyanchama alimweleza Janki. Janki, alisema, aliishika mikono yake mwenyewe kifuani kwa muda mrefu, halafu akaenda nyuma ya duka akarudi na jagi lingine na kifimbo chenye shingo. Vimo ndani ya kabati, vimefungwa, ufunguo ninao mimi. Nyanchama anauomba kila Ijumaa. Persis anauomba kila siku. Mimi bado nikisikia friji ikirudi baada ya stima kupotea, huwa naenda kumshika mkono akiwa amelala, kumtafuta gumba.

Lakini najua siwezi kukaa na ufunguo milele, na najua nyumba nyingi sasa zina mashine hizi. Ile habari ya ukucha iliniogopesha wiki nzima na haikunifundisha kitu, kwa sababu iliniambia niogope kelele. Kwa hivyo nimeandika haya kwa herufi kubwa, nikabandika ukutani pale mwiko ulipokuwa ukining'inia. Persis huyasoma kwa sauti, kidole kwenye neno. Siku atakapoyasema yote bila kusoma, nami niwe nimeamini, ndipo nitafungua kabati. Yabandike nawe kwako.

Usiingize mkono ndani ya jagi likiwa limekaa kwenye mashine. Hata kidogo, hata kulamba.

Usisukume kwa mwiko, wala kijiko, wala kisu. Kama kifimbo chake kimepotea, zima, toa plagi, ndipo ukoroge.

Usitoe kifuniko visu vikizunguka.

Usijaze jagi kwa sababu umechelewa. Kama umechelewa, wageni wale ndizi.

Stima ikipotea, usiondoke kabla hujainua swichi na kutoa plagi. Hata kama jua limezama. Hata kama umeitwa kwenye maombi. Mungu atangoja utoe plagi.

Usiache stuli karibu na meza.

Usile wala usimpe mtu aiskrimu kama kisu kimekatika, kijiko kimegongwa au mwiko umepasuka. Zika yote, na ile ya juu.

Usimfundishe mtoto kuogopa ngurumo peke yake.

Usiseme imezimwa kama si wewe uliyeizima.